Ushungi ni stara, tusiufanye kificho cha mapunye



Leo naomba tugombane kidogo, kwa kheri. Sitaongelea lesi wala mshono wa gauni la nikah. Nitaongelea jambo tunalolijua wote na wote tumelinyamazia. Watoto wetu wana mapunye, nywele zinawatoka mabaka mabaka, na sisi tunaufunika ugonjwa kwa ushungi wenye shanga halafu tunasema mashaallah, mtoto kapendeza.

Mimi ni fundi cherehani. Niko Maganzo, wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga, jirani kabisa na mgodi wa almasi wa Mwadui, kwenye barabara iendayo Mwanza. Nashona sare za shule, majuba na shungi za madrasa, na nguo za harusi. Fundi, dada zangu, anaona vichwa. Huwezi kumpima mtoto ushungi bila kumvua ule alionao. Na kila nikikaribia mwezi wa Ramadhani au shule zinapofunguliwa, nakutana na mama anayenishika mkono na kuninong'oneza: "Usimvue, mpime hivyo hivyo juu kwa juu." Nikisikia hivyo najua nini kipo chini.

Na nakutana na wengine. Hao ni mabibi harusi. Binti ana miaka ishirini na kitu, mzuri, kajaaliwa, anakuja na picha ya mtindo kwenye simu, kisha anasubiri wateja wengine watoke. Anainama, ananionyesha utosini: duara la ngozi tupu, laini, linang'aa, hakuna hata unywele mmoja. Anataka kilemba kisichoteleza. Anaogopa siku ya kwanza mume akimuona. Nikimuuliza ilianza lini, jibu ni moja: "Nilipokuwa mdogo, walisema yataisha yenyewe."

Ndiyo maana nimeandika.

Ni ugonjwa gani huu

Nyinyi wa visiwani wengi mnaita choa au vibarango. Huku tunaita mapunye, na wengine wanasema mashilingi kwa sababu yanakaa duara kama sarafu. Ni kitu kimoja: fangasi anayeingia kwenye ngozi ya kichwa na ndani ya unywele wenyewe. Unywele ukishaliwa unakatika karibu na ngozi, ndiyo maana unaona baka lenye magamba meupe, na mara nyingine vidoti vyeusi kama punje za unga wa bunduki. Vile vidoti ni mashina ya nywele zilizokatika. Mtoto anajikuna, na ukimpapasa nyuma ya shingo unaweza kukuta tezi zimevimba.

Huwakamata zaidi watoto kuanzia miaka mitatu hivi mpaka kumi, kabla hawajabalehe. Huku kwetu Afrika Mashariki fangasi hawa wengi hutoka kwa mtoto kwenda kwa mtoto: kitana kimoja, kofia moja, mtandio mmoja, mto mmoja wa kulalia, wembe mmoja, mashine moja ya kinyozi. Wapo pia wanaotoka kwa paka na mbwa, hasa paka wadogo wenye mabaka yaliyonyonyoka manyoya. Najua visiwani mnawapenda paka, na ni sunna kuwahurumia. Basi huruma hiyo ifike kumtibu paka, na mtoto asilale naye mpaka apone.

Si kila nywele inayotoka ni mapunye, tuelewane. Duara laini kabisa lisilo na magamba wala kuwasha linaweza kuwa ni kinga ya mwili inayoshambulia nywele zake yenyewe, na hilo haliambukizi. Nywele zinazorudi nyuma kwenye paji na pembeni mwa masikio mara nyingi ni misuko ya kubana. Nywele nyepesi, zenye rangi ya wekundu, kwa mtoto aliyevimba miguu, hiyo ni njaa ya lishe na ni ya kukimbiza hospitali. Ndiyo maana mtoto anatakiwa aonwe na mganga, asihukumiwe barazani.

Uongo wa kwanza: "Mama yake mchafu"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtoto akionekana na mapunye, cha kwanza kutajwa ni mama. Mchafu, mvivu, anashinda machimboni, anashinda mnadani, watoto kawatupia bibi. Mawifi wanasema, majirani wanasema, hata mwalimu anasema mbele ya darasa.

Naomba niulize: fangasi anayekaa kwenye mashine ya kinyozi anamjua mama msafi? Anauliza kwanza kama mtoto kaoga? Mtoto aliyeogeshwa asubuhi kwa sabuni, akapakwa mafuta, akavalishwa nguo iliyopigwa pasi, akienda kukaa dawati moja na wenzake watatu na wakabadilishana kofia wakati wa mapumziko, anarudi nayo. Usafi unasaidia, sikatai. Maji ya kutosha yanasaidia. Lakini kuambukizwa si ushahidi wa uchafu, kama vile kupata mafua si ushahidi wa uchafu.

Na msidhani ni ugonjwa wa maskini wa Shinyanga. London, mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa na vituo maalumu vya kuwatenga watoto wenye mapunye. Paris mwaka 1904 daktari Raymond Sabouraud alikuwa anawatibu watoto kwa eksirei ili nywele zote zidondoke na fangasi atoke nazo. Njia hiyo ikasambaa Ulaya, Marekani na kwingineko, na miaka mingi baadaye baadhi ya watoto wale walipata uvimbe na saratani za kichwa na shingo. Miaka ya karibuni madaktari wa Hispania wameandika kuhusu vijana wanaoambukizwa mapunye kwenye vinyozi, kwa mtindo ule wa kunyoa pembeni mpaka kwenye ngozi. Hao nao mama zao wachafu?

Aibu tunayomwekea mama ndiyo inayomfanya afiche. Akificha, mtoto hapelekwi zahanati. Asipopelekwa, anawapa ndugu zake na wenzake wa madrasa. Kwa hiyo wewe unayecheka pale barazani ndiye unayeueneza ugonjwa, wala hujamgusa mtoto kwa mkono.

Uongo wa pili: "Yataisha yenyewe akikua"

Uongo huu una punje ya ukweli ndani yake, ndiyo maana umedumu. Ni kweli kwamba watu wakishabalehe mafuta ya ngozi ya kichwa hubadilika na mapunye huwa machache sana. Mabibi zetu waliona hivyo na wakasema hivyo, hawakusema bure.

Lakini tuhesabu. Mtoto ameanza na miaka minne. Atabalehe na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Unamwambia binti avumilie miaka minane ya kujikuna, ya kuitwa "kipara", ya kukataa kuvua ushungi hata mbele ya binamu zake wa kike, kwa sababu ya ugonjwa unaotibika kwa wiki chache? Na katika miaka hiyo minane atawaambukiza wangapi?

Halafu kuna ile aina kali. Kichwa kinafura, kinakuwa na uvimbe laini kama jipu, usaha unatoka, nywele zinang'oka zenyewe, na mtoto anapata homa. Watu wanadhani ni jipu wanalipasua. Si jipu la kupasua. Ni mwili unapigana na fangasi kwa nguvu zote, na linahitaji dawa ya kumeza haraka. Likichelewa linaacha kovu, na kwenye kovu unywele hauoti tena maisha. Huyo ndiye bibi harusi wangu anayesubiri wateja watoke. Kwake yaliisha yenyewe kweli, ila yaliondoka na nywele.

Uongo wa tatu: "Mpake tu"

Orodha ya vitu nilivyosikia vinapakwa kwenye vichwa vya watoto inatisha: oili chafu ya pikipiki, mafuta ya taa, maji ya betri, majivu, utomvu wa papai, dawa ya meno, vitunguu saumu vilivyopondwa mpaka ngozi ikaungua. Maji ya betri ni asidi, jamani! Ngozi ya mtoto wa miaka mitano! Tukiona mtu anamwagia mwenzake asidi tunaita polisi, lakini mama akimpaka mwanawe tunamuuliza je, imesaidia?

Kisha kuna zile tyubu za dukani. Unaingia duka la dawa, unasema mtoto ana mapunye, muuzaji hamwangalii hata mtoto mwenyewe, anakupa tyubu ya mchanganyiko: dawa ya fangasi kidogo, ya bakteria kidogo, na steroidi kali ndani yake, clobetasol au betamethasone. Steroidi inatuliza muwasho na wekundu kwa siku chache. Mama anafurahi, anasema dawa imekubali. Kumbe imezima kengele tu, moto unaendelea. Fangasi anatambaa chini kwa chini, baka linabadilika sura mpaka mganga mwenyewe anashindwa kulitambua, na ngozi inakonda.

Hata ile krimu nzuri ya fangasi isiyo na steroidi, peke yake haitoshi kwa kichwa. Sababu ni rahisi na kila msusi anaweza kuielewa: fangasi yuko ndani ya unywele na chini kwenye mzizi. Krimu inakaa juu ya ngozi, haifiki kule. Ni sawa na kufagia ua wakati nyoka yuko ndani ya shimo. Kwa mapunye ya kichwani dawa inayotibu ni ya kumeza, ili ipite kwenye damu mpaka kwenye mzizi wa unywele.

Dawa hiyo si siri wala si mpya. Griseofulvin ilithibitika kufanya kazi kwa kumezwa mwaka 1958, na ndiyo iliyowaokoa watoto wa dunia na zile eksirei za vichwani. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kipimo chake ni kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo mtoto apimwe kwenye mizani, msikisie. Humezwa kwa wiki sita mpaka nane, pengine zaidi, na huingia mwilini vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta: maziwa, karanga, mtindi. Nyingine ni terbinafine, nayo kwa uzito, ambayo kwa aina nyingi huchukua wiki nne hivi. Mganga ndiye anayechagua.

Shampuu ya ketoconazole inasaidia kupunguza vijidudu visidondokee wengine, lakini ni msaidizi tu wa dawa ya kumeza. Na vidonge vya ketoconazole visipewe mtoto kwa ajili ya hili. Tangu 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zimeviwekea vizuizi vikali kwa sababu vinaweza kuharibu ini.

Kosa kubwa ninaloliona huku ni kuacha dawa wiki ya pili kwa sababu nywele zimeanza kuota. Jamani, mapunye hayatibiwi kwa macho. Maliza dozi.

Na ninyi mabibi harusi sikilizeni hapa. Kama utakutwa na fangasi na ukapewa griseofulvin, mwambie mganga kwamba unaolewa karibuni. Dawa hiyo haimfai mjamzito, na inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Hata mume akiitumia anashauriwa asitafute mtoto mpaka ipite miezi sita baada ya kuimaliza. Usiokote vidonge vya mdogo wako ukavimeza kimyakimya ili uwahi harusi.

Stara ilikuja kutuheshimu

Wapo watakaosema tatizo ni ushungi wenyewe, basi tuwavue watoto. Hapana. Watoto wa kiume hawavai ushungi na mapunye wanayo, tena mara nyingi wao ndio wengi kwa sababu ya vinyozi. Ushungi hauzai fangasi. Lakini fangasi anapenda joto na unyevu, kwa hiyo ushungi uliovaliwa juu ya nywele mbichi, ukavaliwa siku tatu bila kufuliwa, ukaazimwa na dada mtu na binamu, huo unambeba. Dawa ni kukausha nywele, kufua ushungi, na kila mtoto awe na wake. Na akiwa nyumbani na mahrimu zake mwache apumzishe kichwa.

Ninachokipinga mimi ni kuigeuza stara kuwa sanduku la kufichia ugonjwa. Tunasema "namsitiri mwanangu". Unamsitiri na nani? Na mganga?

Rudini kwenye dini yenyewe. Kaab bin Ujra, Allah amridhie, alikuwa Hudaybiya kwenye ihramu mwaka wa 6 Hijria, chawa wakimdondokea usoni kwa wingi. Mtume, swalallahu alayhi wasalam, alipomuona katika hali ile hakumwambia ajifunike watu wasione. Hakumwita mchafu. Alimuuliza kama wadudu wale wanamuudhi, akampa ruhusa anyoe kichwa akiwa bado ndani ya ihramu, atoe fidia. Na habari ya mwenye maudhi kichwani ipo ndani ya Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 196. Fikirini dada zangu: hukumu ya ibada kubwa kama hija ikalegezwa kwa sababu ya kichwa cha mtu kuudhika. Wale walikuwa chawa, si fangasi, lakini funzo ni lile lile. Kichwa chenye udhia kinaonyeshwa, kinatibiwa, na mwenyewe haaibishwi. Na tumefundishwa pia kutafuta dawa, kwamba Mola hakushusha maradhi ila alishusha na tiba yake. Sasa mama anayekaa na mapunye ya mwanawe miaka mitano chini ya mtandio anafuata mafundisho ya nani?

Tena tujiangalie kuanzia mwanzo kabisa, kwenye akika. Siku ya saba tunamnyoa mtoto, sunna nzuri, na tunatoa sadaka kwa uzito wa nywele zake. Lakini wembe ni upi? Nimeona mtaa mmoja watoto watatu wananyolewa kwa wembe mmoja kwa kuwa mnyoaji ni mmoja na anaheshimika. Wembe mpya haufiki hata bei ya soda. Sadaka ya kwanza ya mtoto iwe wembe wake peke yake.

Harusi zetu na vichwa vya watoto

Sasa nakuja kwenu, mabibi harusi, maana hapa mna sehemu yenu.

Mnataka watoto wa kubeba maua, sita, wanane, wote kichwa kimoja. Siku moja kabla ya harusi wanapelekwa saluni wote kwa mkupuo. Chanuo moja linapita kwenye vichwa vinane. Rasta zinavutwa mpaka nyusi zinapanda, mtoto analia, na msusi anasema "vumilia upendeze". Wengine wanapakwa dawa ya kulainisha nywele wakiwa na miaka minne, kemikali inayounguza hata ngozi ya mtu mzima. Kesho yake kichwa kina vidonda, wiki mbili baadaye kina usaha, na mwaka unaofuata nywele za mbele hazipo. Mvuto ule ukirudiwa rudiwa unaua mzizi kabisa.

Niwaulize kwa upole: picha za masaa manne zinastahili gharama hiyo? Mtoto hakuomba kuwa pambo la harusi yako. Mfunge nywele zake mabutu mawili malegevu, au mvalishe ushungi mwepesi nitakaokushonea kwa kitambaa kile kile cha gauni lake. Na kila mtoto aje na chanuo lake kwenye mfuko wake. Msusi akikataa, badilisha msusi, mteja ni wewe.

Wenye saluni na vinyozi mnisamehe, lakini nanyi mnajua. Kupuliza mashine kwa mdomo na kuipangusa na brashi si kuisafisha. Brashi ile ile inabeba magamba ya kichwa cha kwanza. Meno ya mashine yafutwe nywele zote kisha yapigwe spiriti kila kichwa, na vitana vioshwe kwa sabuni kisha viloweshwe kwenye maji yenye dawa ya klorini. Mtoto mwenye mapunye hafukuzwi kwa matusi. Mama anaelezwa kwa faragha aende zahanati kwanza.

Ninachodai

Nadai kwa walimu wa shule na maustadhi wa madrasa: acheni kuwarudisha watoto nyumbani wakiwa wamepakwa aibu. Mtoto akishaanza dawa hakuna sababu ya kumfungia nje wiki nane. Mwiteni mzazi, semeni naye pembeni, mtoto aendelee kusoma. Na msiruhusu kofia na mitandio ya akiba ya kuazimana inayoning'inia msumarini nyuma ya mlango.

Nadai kwa wenye mamlaka ya afya: kwa sera yetu, mtoto aliye chini ya miaka mitano hatakiwi kulipia matibabu kwenye kituo cha serikali. Vizuri sana. Lakini mapunye yanashamiri mtoto akishaanza kukaa darasani, yaani msamaha unaishia pale ugonjwa unapopata nguvu. Mama anaambiwa anunue vidonge vya wiki nane vya watoto watatu, anatoka kimya na kwenda kwenye maji ya betri. Watoto wetu wanamezeshwa dawa za minyoo na kichocho mashuleni, tena kwa utaratibu mzuri. Siku hiyo hiyo, mtu mmoja akiwavua kofia na kuwaangalia vichwa, inapungua nini? Na kipimo chenyewe si cha ajabu: magamba na nywele chache, tone la dawa, na hadubini.

Wataalamu wapo. Pale KCMC Moshi kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wamesoma hapo watu wa nchi nyingi za Afrika. Hatukosi elimu nchini, tunakosa kuifikisha kwenye zahanati ya kijiji.

Na nadai kwetu sisi kina mama, maana cherehani haiendi bila mguu. Ijumaa hii, kabla hujampeleka mwanao kuoga, mvue ushungi au kofia, mkalishe juani, mpasue nywele kwa vidole kuanzia kisogoni. Angalia magamba, angalia vidoti, papasa tezi. Ukikuta baka, angalia na ndugu zake wote, hata wasiojikuna, maana mtoto anaweza kubeba fangasi bila dalili. Fua mito, chemsha mitandio, tenga vitana. Kisha mchukue mwanao kichwa wazi mpaka mlango wa zahanati, umwambie mganga kwa sauti ya kawaida: mwanangu ana mapunye, naomba umpime na umwandikie dawa ya kumeza. Akikupa tyubu peke yake, muulize kwa adabu itafikaje kwenye mzizi.

Na wewe bibi harusi mwenye duara lako utosini, huna kosa. Ulikuwa mtoto. Mwambie mwenzio kabla ya nikah au baada, kwa namna utakayoona ina kheri, na kama ana akili atakuheshimu zaidi. Ila niahidi jambo moja. Mola akikujaalia binti, usije ukaniambia nimpime juu kwa juu.

Allah awape watoto wetu afya, na atupe sisi ujasiri wa kuwavua shungi zao mbele ya mganga. Amin.